Kuifundisha Kompyuta Kuona Shamba: Jizoeze Kwanza na Picha ya Mombasa

Mkulima, siku hizi ukubwa wa shamba lako na mahindi yaliyomo huweza kuhesabiwa na mtu asiyefika kwako hata siku moja. Yeye hutazama picha zilizopigwa na satelaiti, na kompyuta ndiyo inayotenga: hapa mahindi, hapa paa, hapa kichaka. Lakini kompyuta haikuzaliwa na maarifa hayo. Ni lazima kwanza mtu aketi, ashike kalamu ya kompyuta, na kukizungushia mstari kila kitu katika picha nyingi. Mtu huyo akichora ovyo, kompyuta nayo itahesabu ovyo, na atakayepunjwa ni wewe. Kwa hiyo yakupasa kuijua kazi hii, na ikiwezekana wewe na vijana wako mwifanye wenyewe.

Mchoro unaotokana na kazi hii huitwa maski. Umekwisha kuona bati lililokatwa herufi, ambalo watu huliweka juu ya gunia na kulipaka rangi. Rangi hupita penye tundu tu, na pengine pote hubaki safi. Maski ni kama bati hilo. Ni picha ya pili, sawasawa kwa ukubwa na ile ya kwanza, lakini badala ya sura za vitu ina namba tu. Twaweza kusema 0 ni mahali pasipohesabiwa, 1 ni paa, 2 ni mikoko, 3 ni maji. Kila kimraba kidogo cha picha hupewa namba yake, na vimraba hivyo huitwa pikseli.

Kwa kujifunza tumechagua picha ya Kisiwa cha Mombasa, si picha ya shamba. Wengi wenu mmepita huko na nazi, maembe au korosho, hivyo mtajua mnachokitazama. Tena karibu makosa yote utakayoyakuta shambani yako pale, nayo huonekana upesi zaidi.

Ifungue picha katika programu ya kuchora. QGIS hupatikana bure, na hufaa. Anza na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ikuze picha mpaka ukingo wa ukuta uonekane vizuri, kisha bonyeza nukta moja penye kila pembe. Programu itaziunga nukta hizo kwa mstari. Palipo na ukuta ulionyooka usibonyeze nukta nyingi bure. Palipo na mpindo, kama ufukweni, zikaribishe. Ukifika ulipoanzia, funga mzunguko. Lakini kazi haijaisha, maana katikati ya ngome mna ua ulio wazi. Ukiuacha hivyo, kompyuta itafikiri ua wote ni jengo. Chora mzunguko wa pili kwa ndani, uukate ua kama tundu, kisha uyachore majengo yaliyomo uani moja moja. Shambani utafanya vivyo hivyo kwa mwembe mkubwa uliosimama katikati ya mahindi.

Sasa sogea kaskazini kidogo, uingie Mji wa Kale. Hapa ndipo mchoraji hujulikana. Nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mapaa yake yamegusana. Mtaa mzima waweza kuonekana kama paa moja. Vichochoro ni vyembamba, na nyumba za ghorofa huvifunika kwa kivuli. Je, kivuli ni paa au ni njia? Tena, satelaiti ikipiga picha kwa upande, paa huonekana limesogea, halikai juu ya msingi wake. Je, utachora paa au msingi? Majibu yote mawili yanaweza kufaa. Jambo lisilofaa hata kidogo ni kuchora paa asubuhi na msingi alasiri. Andika kanuni zako katika karatasi kabla ya kuanza, wala usizigeuze mpaka picha zote ziishe.

Mwaka 2021 kampuni ya Google ilitoa ramani ya majengo milioni 516 ya Afrika, yaliyotambuliwa na kompyuta. Kabla ya hapo watu walikuwa wamechora kwa mkono majengo milioni 1.75 katika picha 100,000. Hata kompyuta kubwa namna hiyo ilianza na mkono wa mtu na kalamu.

Kisha nenda Hori ya Tudor, upande wa kaskazini wa kisiwa, ukachore mikoko. Maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua. Picha iliyopigwa maji yakiwa yamekupwa huonyesha tope na shina. Iliyopigwa yamejaa huonyesha vilele tu, na mililana iliyo mbele baharini huonekana kama iliyozama. Anayelinganisha picha hizo mbili bila kuuliza saa atasema mikoko imekatwa, kumbe ni maji tu. Kwa hiyo kila maski iandikiwe tarehe na saa ya picha.

Haya, turudi shambani, na hapa tutakaa kidogo. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Shamba likiwa mraba, kila upande ni karibu mita 64. Ukichora mstari mita moja tu nje ya mpaka, pande zote nne, umeongeza kiasi cha mita za mraba 258, yaani zaidi ya asilimia 6. Kwa shamba la ekari 12 kosa lile lile halifiki asilimia 2. Mwenye shamba dogo ndiye anayeumizwa na mkono mzito.

Picha yenyewe nayo ina mipaka yake. Picha za satelaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hutolewa bure, lakini kila pikseli ni mita 10 kwa 10. Vichochoro vya Mji wa Kale havionekani humo kabisa. Ekari yako hupata pikseli 40 hivi, na kama nusu ya hizo ziko ukingoni, zimechanganya mahindi yako na njia au mihogo ya jirani. Kwa shamba dogo tafuta picha ya karibu zaidi, hata ya droni. Ikiwa umepanda mahindi na mihogo pamoja, usilazimishe kuyaita mahindi. Yape mchanganyiko namba yake.

Huenda ukauliza: je, maski yaweza kumaliza ugomvi wa mpaka? Haiwezi. Katika miaka ya 1950 na 1960 maofisa nchini Kenya walichora mipaka ya mashamba mengi juu ya picha za ndege zilizokuzwa, na wakulima waliambiwa wapande ua wa miti ili mpaka uonekane kutoka juu. Hata ramani hizo hazikuwa za kupima kwa inchi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 18, yasema kwamba ramani ya usajili huonyesha mpaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale ambapo mpaka umewekwa rasmi na kuandikwa katika rejista. Mkigombana, nendeni kwa Msajili wa Ardhi. Mahakama haiusikilizi ugomvi huo kabla yeye hajaamua mpaka. Maski si hati.

Kwa kujaribu kazi yenu, wapeni vijana wawili picha moja, kila mmoja achore peke yake. Hesabuni pikseli walizozipaka wote wawili, mgawanye kwa pikseli zote zilizopakwa na yeyote kati yao. Ikiwa 80 ni za wote na jumla ni 100, wamepatana kwa asilimia 80. Wanapohitilafiana, msiichukue wastani. Nendeni shambani na picha iliyochapwa, mkasimame penye mpaka wenyewe, kisha mrudi kusahihisha.