Mji Ulioanzia Matopeni

Mwezi wa Novemba mwaka 1904, mama mmoja aitwaye Elizabeth Howard alifariki dunia huko Uingereza. Alikuwa amebakiza muda mfupi tu ahamie katika mji ambao mumewe alikuwa ameuota kwa miaka mingi. Barabara zilikuwa zikichongwa, nyumba za kwanza zilikuwa zikiinuliwa, lakini yeye hakupata kuwasha moto katika jiko la nyumba yoyote ya mji huo.

Mumewe, Ebenezer Howard, anatajwa katika kila kitabu kinachohusu ujenzi wa miji. Elizabeth hutajwa kwa mistari miwili mitatu. Sisi tunapenda kuanza na yeye, kwa sababu mtu akiwa na ndoto kubwa huwa kuna mtu mwingine ambaye anahesabu senti za mkate nyumbani. Ebenezer alikuwa mwandishi wa hati mkato aliyenukuu mijadala ya Bunge mjini London, na mapato yake hayakuwa makubwa. Muda wake wa ziada na akiba yake viliishia katika mashine alizojaribu kuvumbua. Mwaka 1898 alipotaka kuchapa kitabu chake kuhusu miji mipya, ilimbidi akopeshwe paundi 50 na rafiki. Je, mama wa nyumba hiyo alikuwa na la kusema? Alikuwa nalo, naye alisema: aliiunga mkono kazi ya mumewe tangu mwanzo.

Kwa nini mji mpya?

London ya wakati ule ilikuwa imefurika watu. Familia nzima zililala chumba kimoja, kisima au bomba lilitumiwa na nyumba nyingi, na moshi wa viwanda ulitua juu ya nguo zilizoanikwa. Wakati huohuo vijiji vilikuwa vikibaki watupu, kwa kuwa vijana walikimbilia mjini kutafuta kazi. Howard aliuliza swali rahisi: mbona watu wachague baina ya kazi ya mjini na hewa ya shambani? Kwa nini wasipate vyote viwili mahali pamoja, mji wenye mpaka, wenye viwanda, maduka, shule na nyumba zenye bustani, uliozungukwa na mashamba ambayo hayataruhusiwa kujengwa?

Lakini moyo wa mpango wake ulikuwa katika ardhi. Howard aliona kwamba watu wakihamia mahali, bei ya ardhi hupanda, na faida humwendea mwenye shamba ambaye hakufanya lolote. Basi alitaka ardhi yote ya mji imilikiwe kwa pamoja, watu wakodishe viwanja, na kodi inapoongezeka irudi kuwahudumia wakazi wenyewe. Wenye hisa wangepata gawio lisilozidi asilimia 5 kwa mwaka, basi.

Kampuni ya kutekeleza mpango huo iliandikishwa Septemba 1903. Ilinunua kimyakimya mashamba ya wamiliki 15 katika wilaya ya Hertfordshire, kaskazini mwa London, jumla ya ekari 3,818 kwa paundi zipatazo 155,000. Ni kama paundi 40 kwa ekari. Katika eneo lote hilo kulikuwa na vijiji vitatu vidogo, Letchworth, Norton na Willian, vyenye watu wapatao 400. Tarehe 9 Oktoba 1903 wageni zaidi ya elfu moja walialikwa kwenye ufunguzi. Mvua ilinyesha kutwa. Mabwana waliovaa kofia ndefu na mabibi wenye magauni ya kuburuta walisimama katika hema huku matope yakiwapanda miguuni.

Mwaka wa nyumba za paundi 150

Katika majira ya baridi ya 1904 kuingia 1905, watu wasio na kazi waliletwa kutoka London kuchonga barabara. Wasanifu wawili, Raymond Unwin na Barry Parker, walikuwa wameshachora ramani. Viwanda vilipangwa upande wa mashariki kwa sababu upepo wa kule huvuma zaidi kutoka magharibi, hivyo moshi ungepeperushwa mbali na madirisha ya watu. Nyumba zisizozidi 12 zingejengwa katika ekari moja, kila moja na bustani yake ya mboga. Ramani ilikuwa nzuri. Wakazi ndio waliokosekana, na fedha za wenye hisa zilikuja polepole mno.

Ndipo mwaka 1905 likaja jambo lililouamsha mji. Mhariri mmoja wa London, St Loe Strachey, alikuwa akilalamika kwamba kibarua wa shambani hawezi kupata nyumba ya adabu. Alitaka wajenzi washindane: nani aweza kujenga nyumba ya familia kwa paundi 150? Na kwa nini 150? Fanya hesabu pamoja nasi, dada msomaji. Kibarua aliweza kutoa shilingi 3 kwa juma kama kodi ya nyumba. Kwa mwaka ni shilingi 156, yaani karibu paundi 8, kwa kuwa paundi ya zamani ilikuwa na shilingi 20. Mwenye nyumba aliyetumia paundi 150 angepata zaidi kidogo ya asilimia 5 kwa fedha zake. Nyumba ikizidi bei hiyo, ama mwenye nyumba anapata hasara, ama mke wa kibarua anapunguza chakula mezani.

Maonyesho yalifunguliwa Julai 1905. Nyumba zaidi ya 100 zilijengwa, nyingine za matofali, nyingine za mbao, nyingine za zege. Moja ilibuniwa na mhandisi wa jiji la Liverpool, J. A. Brodie, ambaye pia ndiye aliyebuni wavu wa goli la mpira wa miguu. Kuta zake zilimiminwa huko Liverpool kwa zege lililochanganywa na mabaki ya takataka zilizochomwa, zikaletwa kwa treni na kuunganishwa papo hapo. Stesheni ya muda ya mbao iliwekwa, na watu wapatao 60,000 walishuka hapo kiangazi kile kuja kutazama. Waliingia nyumba hadi nyumba, wakafungua makabati, wakajaribu ngazi, wakabishana. Unwin na Parker hawakufurahia sana, maana nyumba za kila umbo zilisimama mahali ambapo wao walitaka mtaa wenye utulivu. Hata hivyo jina la Letchworth lilijulikana nchi nzima, na viwanda vikaanza kuja. Mchapishaji J. M. Dent alihamishia kazi yake ya uchapaji huko mwaka uliofuata.

Nani hasa alikaa humo?

Hapa hatuna budi kusema ukweli, ingawa unaharibu hadithi. Nyumba nyingi za maonyesho hazikukaliwa na vibarua. Bei ya paundi 150 haikuhesabu kiwanja, na zilipouzwa, walionunua wengi walikuwa watu wenye nafasi zao. Wengine walizitaka ziwe nyumba za kupumzikia mwisho wa juma. Wale waliochimba mitaro na kupanga matofali mara nyingi walirudi jioni kwa miguu au kwa baiskeli hadi Hitchin na Baldock, miji jirani, kulala katika vyumba vya zamani. Mtu amejenga mji wenye bustani kutwa nzima, halafu anarudi kwa mkewe katika uchochoro uleule!

Ili kulitatua hilo, chama cha ushirika cha wapangaji kilianza kujenga. Mpangaji alinunua hisa kidogo kidogo katika chama kinachomiliki nyumba yake. Mitaa kama Birds Hill na Pixmore ilijengwa kwa njia hiyo katika miaka iliyofuata. Hizo ndizo nyumba zilizoanza kuwasaidia mafundi, ingawa kibarua wa kipato cha chini kabisa bado alibaki nje ya mlango.

Jambo jingine lililotuchekesha na kutufikirisha ni ugomvi kuhusu sebule. Unwin aliamini kwamba sebule ya wageni, ile inayofungwa juma zima na kufunguliwa Jumapili, ni upotevu wa nafasi katika nyumba ndogo. Afadhali chumba kimoja kikubwa kinachopata jua, ambamo familia yote inapika, inakula na kuketi. Kwa kalamu ya msanifu hoja hiyo haina doa. Lakini wake wengi wa wafanyakazi waliitaka sebule yao. Mama anayefua, anayepika na kulea watoto katika chumba kimoja anatamani angalau mlango mmoja anaoweza kuufunga, nyuma yake pakiwa na kiti kisicho na nguo mbichi juu yake. Tunaungana nao. Wasanifu wale walikuwa wanaume wema, lakini vyombo katika nyumba hizo havikuoshwa na wao.

Howard mwenyewe aliliwaza suala la kazi za nyumbani. Aliunga mkono ujenzi wa Homesgarth, nyumba zilizopangwa kuzunguka uwanja mmoja zikiwa na jiko moja na ukumbi mmoja wa kulia chakula, ili mama asikae jikoni siku nzima. Zilifunguliwa karibu na mwaka 1910, naye akaishi humo na mke wake wa pili. Zilibaki kuwa za watu wa kipato cha kati, na mpango huo haukuenea.

Baa isiyo na pombe

Wasomaji wetu watataka kujua habari ya pombe. Katika mji mpya hapakuruhusiwa baa ya kuuza vileo. Badala yake mwaka 1907 ilifunguliwa nyumba iitwayo Skittles Inn, yenye meza, michezo na moto wa kuota, ila kilichouzwa kilikuwa chai, kakao na vinywaji visivyolevya. Wanaume wengine waliipenda. Wengine walitembea jioni hadi Norton au Willian, ambako baa za vijiji zilikuwepo kabla ya mji na hazikufungwa. Wakazi waliendelea kupiga kura na kukataa baa katikati ya mji, na hali ilibaki hivyo hadi miaka ya 1960 ilipokuwa ikianza. Je, wake walinufaika? Mshahara wa Ijumaa uliokuwa na safari ndefu kabla ya kufika baa huenda ulifika nyumbani mara nyingi zaidi.

Ukumbi wa Bibi Howard

Kufikia sensa ya 1911 mji ulikuwa na watu zaidi ya 5,000. Kiwanda kikubwa cha koseti cha Spirella kilikuwa kimeingia na kuwaajiri wanawake wengi, kikiwa na mabafu na maktaba kwa ajili yao. Wenye hisa walisubiri hadi 1913 ndipo walipopata gawio lao la kwanza, asilimia 1 tu, na asilimia 5 kamili ilifika 1923. Miaka ya 1960 nusura ardhi yote ichukuliwe na wafanyabiashara waliofuata faida, lakini sheria ya Bunge ya 1962 ikaiokoa. Tangu 1995 inasimamiwa na wakfu ambao kodi zake hurudi kwa wakazi.

Lakini turudi nyuma kidogo, kwenye mwaka ule wa 1905. Howard alihamia Letchworth akiwa mjane. Wakazi, ambao wengi wao bado walikuwa wakitembea katika tope kwenda stesheni, walichanga fedha. Kanisa kubwa lilikuwa bado, ukumbi wa mji ulikuwa bado. Jengo la kwanza la umma katika mji mzima lilifunguliwa 1906: ukumbi wa mikutano wenye paa la mteremko mkali, uliobuniwa na Parker na Unwin. Waliuita Ukumbi wa Kumbukumbu ya Bibi Howard. Bado upo, na watu bado wanakutania humo.