Mtoni: Kasri Lililojengwa Kufuata Maji

Kilomita 5 hivi kaskazini mwa Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye barabara iendayo Bububu, kuna mahali ambapo makondakta wa daladala hupataja kutwa nzima: Mtoni. Abiria wanashuka, wengine wanapanda, gari linaondoka. Jina lenyewe lina habari yote ya mahali hapo. Hapa palikuwa na mto, na mto huo ulipajulikanisha kabla ya mtawala yeyote kuja kukaa kando yake.

Kati ya barabara na ufuo zimebaki kuta za mawe zisizo na paa, sehemu za ua, na mabaki ya hamamu. Hilo ndilo lililosalia la kasri la Mtoni, Beit al-Mtoni, kasri kongwe kuliko yote ambayo Masultani wa Kiomani waliyajenga Unguja. Wageni wengi wakifika huangalia kuta. Sisi wa kazi ya kuhifadhi majengo ya mawe huanza na swali jingine: maji yalikuwa yakiingilia wapi, na yakitokea wapi? Ukilijibu swali hilo, nyumba iliyoanguka hurudi mahali pake chumba kwa chumba, na bustani iliyopotea huonekana tena.

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alifika Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Alipenda alichokiona, na katika miaka iliyofuata akayahamishia makao yake katika kisiwa hiki. Ardhi ya Mtoni haikuwa pori. Ilikuwa shamba la Saleh bin Haramil al-Abry, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kupanda mikarafuu Unguja, kwa miche iliyotoka katika visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Saleh alikuwa na mashamba Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said akamnyang'anya, kwa hoja kwamba alikuwa akiuza watumwa kinyume cha mkataba uliotiwa saini na Waingereza mwaka 1822. Kwa hiyo kasri lilisimama juu ya shamba lililokwisha kufunguliwa, penye udongo uliojulikana rutuba yake na mto uliojulikana tabia yake. Na karafuu, zao lililoanzia katika mashamba kama hilo, ndizo zilizokuja kulipia maisha ya kifalme.

Tuingie sasa na maji. Mto wenyewe ni mdogo, unaoshuka kutoka ndani ya kisiwa kuelekea baharini. Ulipofika kasrini uligawanywa: sehemu ikaenda kwenye hamamu, sehemu kwenye chemchemi za kurusha maji na mabirika, kisha yote yakakutana na bahari inayotenganisha Unguja na Mrima. Anayetufundisha hayo ni Seyyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa katika nyumba hiyo tarehe 30 Agosti 1844. Baadaye aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake. Alikaa Mtoni hadi alipokuwa na umri wa miaka 7 tu, lakini mtoto huona vitu ambavyo mkubwa hupita bila kuvitazama. Mchoraji ramani angetuachia vipimo. Salme ametuachia matumizi, na kwa mtu anayetaka kujua nyumba iliishije, matumizi yana thamani kubwa zaidi.

Anatuambia kwamba Mtoni kulikuwa na watu wapatao 1,000. Ua mkubwa ulikuwa katikati, na ndani yake walitembea paa, tausi, mabata bukini, mabata, flamingo na mbuni, huku watoto wakikimbizana nao. Mwisho wa ua zilipangwa hamamu zaidi ya kumi, na hizo hazikuwa mahali pa kunawa na kuondoka. Watu walishinda humo: walisali, walisoma, walilala, walikula. Mbali na hizo palikuwa na hamamu ya Kiajemi ya mvuke, yenye jengo lake peke yake. Karibu nazo ilisimama michungwa mirefu, na watoto waliokuwa wakimkimbia mwalimu mkali walipanda huko kujificha. Upande wa bahari palijengwa roshani kubwa ya mviringo, ya mbao, iliyoitwa benjile. Hapo Sayyid Said alikuwa akienda na kurudi kwa hatua za taratibu, akiwaza, na hapo ndipo alipokunywa kahawa na watu wake wakubwa huku upepo ukitoka majini.

Ukiyaweka hayo kwenye ardhi, utaona mpango wake. Maji yanaingia upande wa nchi kavu, yanafika kwenye hamamu, yanapita kwenye miti, yanaishia baharini palipo na upepo na kahawa. Mpango huo hautamshangaza mtu wa Oman. Nchi ile ni kavu, na kwa karne nyingi vijiji vyake vimeishi kwa falaji, mfereji unaoleta maji kutoka chini ya milima. Maji ya falaji yana utaratibu: kwanza mahali pa kuteka ya kunywa, kisha ya udhu na kuoga, mwisho mashamba ya mitende. Tone moja linafanya kazi mara tatu kabla ya kupotea ardhini. Sayyid Said alizaliwa katika desturi hiyo, akaja nayo kwenye kisiwa chenye masika na vuli. Jambo ambalo kwao lilikuwa la lazima, Unguja likawa la anasa: maji ya kutosha kiasi cha kuyarusha juu na kuyatazama yakianguka.

Kwa hiyo neno bustani lisitupeleke kwenye vitanda vya maua na majani yaliyokatwa sawasawa. Bustani ya Mtoni ilikuwa kivuli cha minazi na miembe, harufu ya michungwa, sauti ya maji, na ndege wa kila rangi. Ilikuwa pia mlango wa shamba. Salme anayataja mashamba 45 ya baba yake, na mtu aliyetoka uani Mtoni kwenda nyuma ya nyumba hakuvuka mpaka mkali kati ya mti wa kutazamwa na mti wa kuvunwa. Ni vigumu kuona bustani kama hiyo inavyopotea, kwa sababu miti ikibadilishwa mmoja mmoja hakuna siku ambayo mtu anaweza kusema: leo bustani imekwisha.

Nyumba yenyewe ilijengwa kwa vitu vinavyopatikana pwani. Kuta ni za mawe ya matumbawe, yaliyoshikishwa kwa udongo na chokaa iliyochomwa kutokana na mawe yaleyale. Dari ni boriti za mikoko. Boriti nzuri ina urefu unaokaribia mita 3, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za pwani yetu ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba umeamuliwa na mkoko. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha hutandazwa kokoto na chokaa na kupigwa kwa vipande vya mti, kwa mdundo, kwa muda mrefu, mpaka inakuwa sakafu isiyopitisha maji. Waliobeba mawe hayo, waliochoma chokaa na waliopiga sakafu hizo walikuwa kwa sehemu kubwa watumwa. Ni wao pia waliozoa majani kwenye mifereji na kumwagilia michungwa. Majina yao hayakuandikwa. Kila tunapolisifu kasri, tunaisifu kazi yao, na ni haki tuseme hivyo waziwazi.

Nyumba ya mawe ina sharti moja: haitaki kuachwa. Chokaa hupauka na kupasuka, nayo hutaka kupakwa upya kabla ya mvua kubwa. Tuna methali ya ufa na ukuta, lakini katika nyumba hizi ufa ni habari ya mwisho. Habari ya kwanza iko juu, pale maji yanapopata tundu dogo kwenye sakafu ya paa. Yanashuka hadi kwenye ncha ya boriti iliyozamishwa ukutani, mahali pasipoonekana. Ncha inaoza. Boriti inateremka kidogo, sakafu inainama, na sasa mvua inakusanyika palepale ilipoanzia kuingia. Miaka michache baadaye dari linaanguka, na ukuta uliokuwa umefunikwa unabaki kichwa wazi. Maji yanaingia katikati yake na kuuosha udongo unaoshika mawe. Ndege anadondosha mbegu ya mkuyu, mzizi unashuka kutafuta unyevu, na ukuta unafunguka kama kitabu.

Hivyo ndivyo Mtoni ilivyokufa. Sayyid Said alifariki baharini mwezi Oktoba 1856, akirejea kutoka Oman. Mwanawe Majid alitawala kutoka mjini, kisha akaanza kujenga Dar es Salaam. Barghash, aliyemfuata mwaka 1870, alijenga makasri yake mwenyewe: Chukwani, Maruhubi, na Beit al-Ajaib lililokamilika mwaka 1883. Kila mtawala alitaka nyumba yenye jina lake, na nyumba ya baba ikakosa mtu wa kupanda juu ya paa lake. Katikati ya hayo, Aprili 1872, kimbunga kilipiga Unguja na kuangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa, fedha za shamba zikapungua. Salme aliporudi kuzuru mwaka 1885, miaka 29 tu baada ya kifo cha baba yake, alikuta nyumba aliyozaliwa imekuwa gofu. Hakuna jeshi lililopita hapo. Ilitosha paa kukosa chokaa. Katika karne iliyofuata eneo lile likaonekana linafaa kwa mambo mengine, na bohari la mafuta likawekwa jirani.

Majirani zake walikufa kwa njia nyingine. Maruhubi, si mbali ukirudi upande wa mji, liliungua mwaka 1899, na leo zimebaki nguzo nene zilizobeba roshani, hamamu, mfereji wa maji na mabirika ya mayungiyungi. Beit al-Ras, upande wa kaskazini, halikuwa limekamilika Sayyid Said alipofariki, na baadaye masalia yake yaliondolewa kupisha shule. Tazama kilichodumu Maruhubi baada ya mbao kuteketea: kwa sehemu kubwa ni vile vilivyojengwa kwa ajili ya maji. Moto hauwezi kuchoma birika.

Je, bustani iliyopotea husomwaje? Kwanza kwa miinuko ya ardhi. Maji hayapandi, kwa hiyo mfereji wowote wa zamani, hata ukifukiwa, umefuata mteremko unaoweza kupimwa. Pili kwa miti iliyobaki. Mwembe huishi zaidi ya miaka 100, na miembe mitatu iliyojipanga sawasawa katikati ya vichaka haikujipanga yenyewe. Tatu kwa udongo wa chini: shimo la kupandia mti huacha doa lenye rangi tofauti, na ndani yake huweza kusalia chavua za mimea iliyokuwapo. Nne kwa kulinganisha. Hamamu ya Kidichi, aliyoijenga Sayyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi, bado ina makuba yake na nakshi za maua na ndege kwenye lipu. Mtu anayetaka kuuona mkono wa mafundi wa zama zile aende kwanza huko, kisha arudi Mtoni.

Kuna kosa ambalo lazima tulikwepe katika kuyaokoa magofu haya. Mtu akiona ukuta unabomoka, mkono wake wa kwanza huenda kwenye mfuko wa saruji. Saruji ni ngumu na haipumui. Unyevu na chumvi ya bahari vikifungiwa nyuma yake hula jiwe la matumbawe kutoka ndani, na baada ya misimu michache saruji hudondoka ikiwa imeshikamana na uso wa ukuta. Chokaa ni laini na hutaka kurudiwa, na hilo ndilo linaloifaa: inachakaa yenyewe ili jiwe lisichakae. Ila chokaa bila mafundi ni unga tu. Kijana anayejifunza leo kuichoma, kuiloweka na kuipiga anaishika hifadhi ya mji mzima.

Na ukuta peke yake hautoshi. Tukiziba nyufa za Mtoni huku mto ukijaa taka na ujenzi juu yake, na miembe ikikatwa mmoja baada ya mwingine, tutakuwa tumehifadhi mawe na kulipoteza kasri kwa mara ya pili. Njia ya maji kutoka chanzo hadi ufuoni, pamoja na miti mikongwe iliyo kandokando, inastahili kuandikwa kwenye ramani ya hifadhi kwa uzito uleule unaopewa ukuta wa hamamu.

Ukipata nafasi, fika Mtoni siku ya mvua ya masika. Simama upande wa barabara utazame maji yanapotaka kupita: yatakuonyesha njia yao ya kale vizuri kuliko ramani yoyote. Kisha inua macho juu ya kuta. Maji yaleyale, yakianguka juu ya mawe yasiyofunikwa, yanaondoka na udongo mwekundu kidogo kidogo hadi baharini. Miaka karibu 200 iliyopita kulikuwa na watu wa kuyaambia maji yapite wapi. Kazi hiyo haijaisha, na sasa ni yetu.