Vijana Wafundishwe Kupima Kabla ya Kununua

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili twalitamka kila siku, na watoto wetu hulikariri darasani wakapewa alama kwa kujua maana yake. Lakini ni wangapi kati yao watokao shule ya sekondari wakiwa wamewahi kushika daftari la biashara, wakaandika humo mauzo ya juma zima, kisha wakakata shauri kwa kuyatazama yale waliyoyaandika? Swali hili ndilo tunalotaka kuliweka mbele ya wasomaji wetu leo.

Takwimu si somo geni katika sekondari zetu. Limo katika hesabu. Kijana hufundishwa kutafuta wastani, huchora vielelezo vizuri kwa rula na penseli, na katika mtihani huulizwa habari ya urefu wa wanafunzi 40 asiowajua. Hupata jibu, akapigiwa alama ya vema, na mambo yakaishia hapo. Na mtaala mpya umeiweka Elimu ya Biashara miongoni mwa masomo ya lazima kuanzia kidato cha kwanza. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, masomo haya mawili yangali yakikaa katika nyumba moja bila ya kusalimiana: mwalimu wa hesabu hafiki sokoni, na mwalimu wa biashara haigusi takwimu.

Mtu atauliza, kuna hatari gani? Hatari ipo. Wengi wa vijana hawa hawataajiriwa ofisini; watafungua vibanda, watachuuza mazao, watafuga kuku. Sheria yetu yaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikaanza tena mwaka 2024. Kwa hiyo kijana aliye kidato cha pili leo, baada ya miaka michache tu, aweza kuwa ameshika fedha za umma mkononi. Akibahatisha, atakayeumia si yeye peke yake. Ni kikundi chake, ni wazazi wake, na ni yule kijana wa pili aliyekuwa akingoja fedha hizo zirejeshwe ili naye akopeshwe.

Tutoe mfano mdogo. Tuseme binti mmoja humsaidia mama yake kuuza maandazi. Katika siku saba waliuza hivi: 40, 42, 38, 41, 39, 40, na siku ya gulio 110. Jumla ni maandazi 350, na wastani ni 50 kwa siku. Binti huyu akiufuata wastani kama alivyofundishwa, atakaanga maandazi 50 kila siku. Matokeo yake ni nini? Katika siku sita za kawaida maandazi 60 yatalala, na siku ya gulio wateja wa maandazi 60 wataondoka mikono mitupu. Wastani wake ni sahihi kabisa kwa hesabu, lakini katika juma zima hakuna hata siku moja yalipouzwa maandazi 50! Laiti angezipanga namba zake kutoka ndogo hadi kubwa, angeona kwamba namba iliyo katikati ni 40, na kwamba ile 110 ni ya siku yenye desturi yake. Hapo angejua kukaanga kiasi cha 40 siku za kawaida na 110 siku ya gulio. Hesabu zote mbili amefundishwa shuleni. Ambalo hakufundishwa ni lipi la kufuata, na lini.

Sasa tuseme kijana mwingine anunua tenga la nyanya kwa shilingi 40,000. Soko likiwa zuri hupata 60,000, yaani faida ya 20,000. Nyanya zikijaa sokoni, au lori likachelewa, hupata 25,000 tu, yaani hasara ya 15,000. Ameweka daftari la safari 20, na humo yaonekana safari 12 zilikuwa njema na 8 mbaya. Faida zote ni 240,000 na hasara zote ni 120,000. Zabaki 120,000, ambazo ukizigawa kwa safari 20 ni shilingi 6,000 kwa kila safari. Basi biashara hii ina faida, na asiye na daftari angeweza kuiacha kwa hofu ya hasara mbili alizoziona juzi.

Lakini elimu haikomi hapo. Ikiwa mtaji wake wote ni 40,000, safari ya kwanza ikiwa mbaya atabakiwa na 25,000, wala hawezi tena kununua tenga zima. Na daftari lake lamwambia kwamba jambo hilo hutokea mara 2 katika kila mara 5. Biashara yenye faida kwa wastani yaweza kumfilisi mtu kabla wastani wenyewe haujamfikia. Kijana aliyefundishwa vema atasema: nitaanza na nusu tenga, au nitashirikiana na mwenzangu, au nitangoja mpaka niwe na akiba ya kunivusha hasara mbili. Huo ndio uamuzi wa mtu mzima, nao umetoka katika kugawa na kuzidisha tu.

Wala msidhani kwamba takwimu ni elimu ya serikali na maprofesa peke yao. Mwaka 1899 kijana Mwingereza, William Sealy Gosset, aliajiriwa katika kiwanda cha pombe cha Guinness mjini Dublin. Kazi yake ilihusu shayiri na mimea mingine itiwayo katika pombe: ipi ni bora, na ipi haifai gharama yake. Shida ilikuwa kwamba majaribio yalikuwa machache, na wataalamu wa siku zile walizoea hesabu za vipimo vingi. Kiwanda kikampeleka London kusoma kwa Karl Pearson, na mwaka 1908 akachapisha njia ya kupima ni kiasi gani mtu aweza kuyaamini majaribio machache. Kwa kuwa kampuni haikuwaruhusu watu wake kuchapisha kwa majina yao, alijiita “Student”, maana yake Mwanafunzi. Hata leo, duniani kote, kipimo hicho huitwa kwa jina la Mwanafunzi. Elimu hiyo ilizaliwa kwa haja ya mnunuzi aliyetaka kujua kama mali anayoinunua ni njema.

Liko na jambo la kuuliza watu. Kijana akitaka kuuza chipsi huwauliza rafiki zake watano, nao kwa adabu humwambia, “Tutanunua.” Siku ya kufungua kibanda hawaonekani. Kosa hili limewapata wakubwa kuliko yeye. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipeleka karatasi za maoni kwa watu wapatao milioni 10, na zaidi ya milioni 2 wakajibu. Likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. Uchaguzi ulipofanyika, Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, nao wakati ule ulikuwa wa dhiki, ambapo maskini hakuwa na simu wala gari; na tena wengi walioletewa karatasi hawakuzirudisha. George Gallup, aliyeuliza watu wachache mno kuliko hao lakini akawachagua kwa uangalifu, alitabiri sawasawa. Basi wingi wa majibu si ukweli. La kwanza ni kujua nani ameulizwa, na nani ameachwa. Vivyo hivyo kijana anayetafuta ushauri wa wafanyabiashara walioneemeka tu anaacha nusu ya habari, maana waliofunga maduka yao hawapo sokoni ili waulizwe.

Faida nyingine ya elimu hii ni kinga. Mara kwa mara hutokea watu wenye maneno matamu wakaanzisha upatu wa udanganyifu: toa fedha, lete watu sita, nao kila mmoja alete sita, nawe utatajirika. Mwanafunzi na achukue kalamu. Hatua ya kwanza ni watu 6, ya pili 36, ya tatu 216. Akifika hatua ya kumi atahitaji watu 60,466,176. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima, pamoja na watoto wachanga na wazee wasiotoka nyumbani. Ukijumlisha hatua zote kumi, watu wote wa nchi hii hawatoshi. Aliyeifanya hesabu hii mara moja darasani, nani atamdanganya tena?

Tunasikia majibu ya walimu wetu, na si ya kudharauliwa. Wanasema madarasa yamejaa, kompyuta hazitoshi, na mtihani wa taifa hauulizi mambo hayo. Kuhusu kompyuta twajibu kwamba Gosset hakuwa nayo. Mifano yote tuliyoitoa hapa yatosheka kwa kalamu na daftari. Kuhusu wingi wa wanafunzi, soko ni kubwa: vikundi kumi vyaweza kufuatilia bidhaa kumi. Lakini la mtihani ni kweli, na linawahusu wakubwa. Maadamu swali la mtihani laishia kwenye “tafuta wastani”, mwalimu naye ataishia hapo. Swali na liongezwe mstari mmoja: “Je, mwenye duka anunue magunia mangapi, na kwa sababu gani?” Mstari huo mmoja utabadili ufundishaji kuliko semina nyingi.

Wapo pia wasemao kwamba wazee wetu walitajirika bila takwimu. Si kweli. Mzee aliyeuza nafaka miaka 30 anajua mwezi ambao mahindi hupanda bei na mwezi ambao hushuka. Takwimu zake zimo kichwani, naye alizinunua kwa hasara nyingi za ujanani. Twataka mtoto azipate bila ya kulipa karo hiyo.

Basi yafaa yafanyike haya. Kila darasa lichague bidhaa mbili au tatu za soko la jirani, liandike bei zake kila juma tangu Januari hadi Novemba, na mwisho wa mwaka liulizwe lingenunua lini na kuuza lini. Daftari la duka au shamba la shule lifunguliwe mbele ya wanafunzi, nao washiriki katika kukata shauri la kulima nini. Mwalimu Nyerere aliyaandika haya mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea: kwamba shamba la shule lisiwe mahali pa jembe tu, bali wanafunzi washiriki katika mipango na maamuzi yake. Na walimu wa hesabu na wa biashara wakae meza moja, hata kama ni kipindi kimoja kwa juma.

Halmashauri nazo zina fungu lao. Kabla ya kumkopesha kijana, zisitazame muhuri wa katiba ya kikundi peke yake. Zimwombe daftari la majuma manane ya biashara yake, hata ikiwa ni ya karanga. Likiwapo, wataona wanachokopesha. Lisipokuwapo, watakuwa wanabahatisha pamoja naye.

Kalamu zipo, madaftari yapo, na masoko hufunguliwa kila siku karibu na milango ya shule zetu. Wino ungalipo; vijana wetu wasiachwe waandikie mate.