Mgonjwa wa Saratani Anahitaji Dawa, na Anahitaji Faraja ya Roho

Wagonjwa wengi wa saratani hujiuliza: "Nimemkosea nani?" Katika mitaa yetu kama Obunga, mtu akikonda na kuishiwa nguvu, wapo watakaosema ni chira. Wengine watasema amerogwa, au imani yake ni haba. Nyumba zetu zimekaribiana, na maneno hayo humfikia mgonjwa kitandani.

Saratani si adhabu. Ni ugonjwa unaotokea seli za mwili zinapoongezeka bila mpangilio. Saratani ya mlango wa kizazi, kwa mfano, karibu kila mara huletwa na virusi vya HPV, ambavyo watu wengi hupata wakati fulani maishani.

Daktari Cicely Saunders, aliyefungua hospitali ya St Christopher's jijini London mwaka wa 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa yana pande nne: mwili, mawazo, familia na roho. Mafunzo hayo ndiyo msingi wa huduma shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi wetu tunaiita Russia, haiko mbali na Obunga, na Kisumu Hospice imo katika uwanja wake. Huduma hii si ya siku za mwisho pekee. Mgonjwa anaweza kuianza mara tu anapogunduliwa, huku akiendelea na matibabu.

Pande hizo nne hushikana. Chukua mfano wa mama anayekaanga mgongo wazi, aliyezoea kuongoza nyimbo kanisani. Ameacha kwenda kwa sababu ya aibu: kidonda cha saratani kinatoa harufu. Muuguzi anaweza kumpa dawa ya kupunguza harufu hiyo, na akarudi kwa wenzake. Asipoweza kutembea, wenzake wamfuate nyumbani.

Familia, majirani na viongozi wa dini wanaweza kusaidia hivi:

• Uliza kwanza. "Ungependa tuombe pamoja?" Awe wa Legio Maria, Nomiya, Mkatoliki au Mwislamu, mletee kiongozi anayemtaka yeye. Asiye na dini pia anahitaji mtu wa kuketi naye.

• Sikiliza. Akisema "Mungu ameniacha," usimkemee wala kumhubiria. Mwache amalize.

• Ziara iwe fupi. Ngoma na maombi ya sauti ya juu humchosha mtu aliyetoka kupata dawa kali.

• Msaidie kumaliza yaliyomlemea: kupatana na ndugu, kusema nani atalea watoto, au angependa kuzikwa wapi. Kuyazungumza haya si kumtakia kifo.

• Usimwambie aache dawa. Maombi na matibabu huenda pamoja. Kiongozi wa dini asimtangaze mtu kuwa amepona kabla ya vipimo vya daktari. Anayeacha matibabu humpa ugonjwa nafasi ya kuenea, na anayeacha mofini hurudiwa na maumivu ambayo yangetulizwa.

Mkumbukeni pia anayemuuguza. Naye huchoka, na hubeba maswali yale yale.

Ukiwa na mgonjwa nyumbani, zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, au muulize muuguzi kliniki kuhusu huduma shufaa. Mweleze panapouma mwilini, na useme pia yanayomsumbua mgonjwa moyoni.