Utani kama Elimu ya Kuvumiliana: Mtoto wa Unyamwezi na Urithi wa Njia ya Misafara

1.0 Utangulizi

Elimu ya kuvumiliana huweza kufuata njia mbili: kuinyamazia tofauti au kuitaja. Dola ya Tanzania, kwa kiasi kikubwa, ilifuata njia ya kwanza. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na baada ya sensa ya mwaka 1967 wananchi hawakuulizwa tena kabila lao. Jamii, kwa upande wake, ilikuwa na njia ya pili iliyoitangulia dola, yaani utani. Makala hii inafafanua namna utani unavyomfunza mtoto wa Unyamwezi, ikiwamo Lusu wilayani Nzega ambako Wanyamwezi na Wasukuma huishi pamoja, kumkubali asiye wa kwao. Aidha, inaonesha kinachopotea pale maneno ya utani yanapobaki bila wajibu wake.

2.0 Utani na Misafara

Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani, wakipita katika nchi za Wagogo na Wazaramo. Safari ilichukua miezi, na aliyeugua au kufariki njiani hakuwa na ndugu karibu. Utani wa Wanyamwezi na makabila ya njia hiyo, hasa Wazaramo, huhusishwa na mazingira hayo. Mgeni alipata mtu wa kutupiana naye maneno bila ugomvi, na mtu huyohuyo ndiye aliyewajibika kumsitiri.

3.0 Jinsi Mtoto Anavyofunzwa

Mafunzo huanzia nyumbani. Babu humwita mjukuu wake wa kike “mke wangu”, na bibi humwita wa kiume “mume wangu”. Kwa njia hiyo mtoto hujifunza mapema kutofautisha neno na nia, na kujibu bila kukasirika.

Hatua ya pili ni msibani. Mtoto humwona mtani akimkejeli marehemu, hata kulala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Humwona pia mtani huyo akichimba kaburi, akipika na kuwahudumia wafiwa. Hapo mtoto hutambua kwamba ruhusa ya kukejeli imelipiwa kwa kazi.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Watani huitana “mtumwa wangu”. Njia iliyopitisha pembe ndiyo iliyopitisha watumwa, hivyo katika eneo la Tabora neno hilo lina historia ya kweli. Kinachoondoa sumu yake ni usawa: kila upande hulitamka na kila upande huitwa hivyo. Likielekezwa kwa asiye mtani, au kwa asiyeweza kujibu, hugeuka kuwa tusi.

4.0 Mipaka ya Utani

Mpaka wa kwanza umo katika malezi ya sasa. Mtoto anaweza kujifunza kejeli za makabila shuleni au mitandaoni bila kuhudhuria msiba hata mmoja wa watani. Huyo amerithi tusi bila kurithi wajibu, na kwake utani ni kinga ya dharau tu.

Mpaka wa pili unahusu migogoro ambayo haijatatuliwa. Katika kijiji cha Neve Shalom / Wahat al-Salam nchini Israeli, watoto wa Kiyahudi na wa Kipalestina husoma pamoja kwa Kiebrania na Kiarabu. Shule hiyo nayo huitaja tofauti badala ya kuinyamazia. Hata hivyo, nje ya darasa yamebaki masuala ya ardhi, usalama na haki ambayo walimu hawawezi kuyamaliza. Utani vilevile hudumisha amani iliyokwisha kupatikana, wala hauchukui nafasi ya suluhu.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaonesha kwamba kuvumiliana, kwa mujibu wa utani, si kusahau kwamba mwenzako ni mwingine. Ni kumwambia hivyo waziwazi, naye akakujibu, kisha mkazikana. Kwa hiyo, mwalimu anayetaka kuutumia utani darasani hana budi kufundisha kwanza wajibu wa mtani, ndipo afundishe maneno yake.