Malengo yetu na ufunguo wa sanduku (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona namna matamanio yanavyogeuka kuwa lengo pale mtu anapokubali kuyalipia gharama. Leo tuingie katika swali ambalo wengi hulipita haraka: lengo likishawekwa, hufikiwa kwa njia gani?

Kuna hadithi inayosimuliwa karibu katika kila semina ya mafanikio, na huenda msomaji umeshaisikia. Inasemwa kwamba mwaka 1953 wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani waliulizwa ni nani kati yao alikuwa ameandika malengo yake ya maisha. Asilimia 3 tu ndio waliokuwa wameyaandika. Miaka 20 baadaye, hao asilimia 3 wakakutwa na mali nyingi kuliko asilimia 97 waliobaki wakijumlishwa pamoja. Wasimulizi wengine hutaja Harvard badala ya Yale. Utafiti huo haukuwahi kufanyika. Waandishi wa habari waliutafuta, chuo chenyewe kikapekua kumbukumbu zake, na hakuna kilichoonekana.

Nimeanza na hadithi hiyo kwa sababu imewadhuru watu. Inamfundisha msikilizaji kwamba kazi kubwa imekwisha pale anapofunika daftari, kwamba kilichobaki ni kutaka kwa moyo wote. Mwaka ukiisha mikono mitupu, hukumu iko tayari: hukutaka vya kutosha, huna nidhamu. Nimewaona watu wazima, wachapakazi, wakiipokea hukumu hiyo kwa unyonge kana kwamba ni kweli. Si kweli. Tafiti zilizofanyika kwelikweli zinaonyesha kuwa kati ya anayefika na asiyefika kuna tofauti za mambo ya kawaida mno: kiasi gani, lini, wapi, fedha zitakaa wapi, nani atauliza.

Tuanze na kiasi. Edwin Locke, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1968 hoja ambayo wakati ule ilionekana nyepesi kupita kiasi: mtu mwenye lengo mahususi na gumu hufanya vizuri kuliko mtu aliyeambiwa ajitahidi awezavyo. Mwenzake, Gary Latham, aliipeleka hoja hiyo msituni. Mwaka 1975 yeye na mtafiti mwingine walieleza kisa cha madereva wa malori ya magogo katika jimbo la Oklahoma. Malori yale yalikuwa yakibeba karibu asilimia 60 tu ya uzito ulioruhusiwa kisheria, ingawa madereva walikuwa wakihimizwa kila mara wajaze kadiri wanavyoweza. Wakapewa lengo la asilimia 94. Hakuna aliyeongezewa mshahara, na walihakikishiwa kwamba asiyefika hataadhibiwa. Katika muda wa miezi michache malori yalikuwa yakitoka msituni yakiwa yamebeba zaidi ya asilimia 90, na hali ikabaki hivyo.

Madereva hawakuwa wavivu kabla ya hapo. Tatizo lilikuwa lile neno «kadiri mnavyoweza», kwa kuwa halina kipimo. Dereva aliyejaza nusu angeweza kuapa kwamba amejitahidi, na asingekuwa anasema uongo. Namba ilipowekwa, kila safari ya mzani ikawa jibu.

Sasa fikiria ripoti za shule tulizokua nazo. Mwalimu wa darasa anaandika chini ya ukurasa: «Ongeza bidii.» Mzazi anasoma, mtoto anaitwa, anaahidi kuongeza bidii. Bidii ya nini? Ya sehemu au ya insha? Kwa dakika ngapi kwa siku, kufikia mwezi gani? Mtoto huyo muhula ujao analeta ripoti ileile na maneno yaleyale, na nyumba nzima inaamini hasikii. Kumbe hakuna aliyempa kitu cha kusikia.

Hata hivyo kiasi peke yake hakitoshi. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliwauliza wanafunzi wa chuo kama wangekubali kuandika ripoti fupi ya jinsi walivyotumia mkesha wa Krismasi na kuituma katika saa 48 zinazofuata. Wote walikuwa na lengo moja, lenye mwisho unaojulikana. Nusu yao waliombwa jambo moja la ziada: wachague papo hapo saa na mahali watakapokaa kuandika. Waliochagua, robo tatu walituma ripoti kwa wakati. Wasiochagua, theluthi moja tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1997, na mwaka 2006 Gollwitzer na mwenzake Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 ya namna hiyo, yakiwemo ya mazoezi, lishe na uchunguzi wa afya. Kwa jumla yalielekea kulekule.

Maelezo yake ni haya. Mtu anayesema «nitasoma zaidi» analazimika kuamua upya kila siku, na huamua akiwa amechoka, simu mkononi, watoto wanalia. Anayesema «nikishamaliza kunywa chai ya asubuhi, kabla sijawasha simu, nitasoma kurasa nne sebuleni» ameshaamua mara moja. Kikombe cha chai kinapokwisha, uamuzi unamkuta. Watu wa pwani wamezoea jambo hili kuliko wanavyojua, maana miadi yao mingi hutegemea sala: tuonane baada ya Alasiri, nitapita nikitoka Magharibi. Kinachotegemewa hapo ni tukio ambalo lazima litafika, na tukio halisahauliki kama saa isiyo na alama yoyote. Lengo linalofungwa kwenye tukio la namna hiyo lina pa kushika.

Kuna pia suala la umbali. Mwaka 1981 wanasaikolojia Albert Bandura na Dale Schunk walifanya kazi na watoto waliokuwa wakichukia hesabu na kuzishindwa. Walipewa kurasa 42 za mazoezi ya kutoa, kwa vipindi saba. Kundi moja liliambiwa lilenge kurasa 6 katika kila kipindi, jingine lilenge kurasa 42 hadi mwisho wa vipindi vyote, la tatu halikupewa lengo. Kwa hesabu ni kitu kilekile, sita mara saba. Kwa mtoto si kitu kilekile. Waliolenga kurasa 6 walijifunza haraka zaidi na walifaulu vizuri zaidi, na, jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, wakaanza kuzipenda hesabu wenyewe. Wale wa kurasa 42 hawakuonyesha faida yoyote ya maana kuliko wale wasiokuwa na lengo.

Anayetaka kuliona hilo kwa macho atazame tena picha za Vienna, 12 Oktoba 2019, siku mwanariadha wa Kenya Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbio zile hazikuandikwa kama rekodi rasmi ya dunia, kwa kuwa ziliandaliwa kwa utaratibu maalumu, wakiwemo wakimbiaji 41 wa kupokezana kumwekea kasi. Miaka miwili kabla, huko Monza nchini Italia, alikuwa amejaribu akakosa kwa sekunde 25 tu. Dunia ilikuwa ikizungumzia saa mbili. Barabarani hakuna mtu anayeweza kukimbia saa mbili. Kilichokimbiwa ni kilomita moja kwa takribani dakika 2 na sekunde 50, kisha nyingine, kisha nyingine, mara 42 na ushee. Gari lililotangulia lilimulika mstari wa kijani juu ya lami kuonyesha kasi inayotakiwa. Kila mita aliyokanyaga ilimwambia kama yuko sawa au amechelewa. Lengo lililosumbua vizazi lilikuwa limekatwa hadi likawa na ukubwa wa kitu kinachoweza kufanyika sasa hivi.

Mpaka hapa msomaji makini atasema: haya ni mambo ya wenye muda na utulivu. Mimi kipato changu ni cha kila siku, na kila shilingi ninayoiweka kando inakuja kuombwa. Pingamizi hilo ni la haki, na ndilo lililonifanya niandike mfululizo huu.

Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha mwaka 2013 utafiti walioufanya magharibi mwa Kenya, miongoni mwa wanachama wa vyama vya kuchangiana, vile ambavyo Tanzania tunaviita upatu au mchezo. Lengo lilikuwa la afya: vyandarua, dawa ya kusafishia maji na vitu vya aina hiyo, ambavyo watu walivitaka lakini fedha haikujikusanya. Vyama viligawanywa kwa kura. Katika baadhi, kila mwanachama alipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wake, na daftari la kuandika anachoweka, juu likiwa limeandikwa jina la kitu anachokusanyia. Katika vingine alipewa sanduku lilelile, ila ufunguo ulikaa kwa afisa wa mradi. Halikufunguliwa mpaka kiasi kitimie. Kundi la tatu lilianzisha mfuko wa pili wa afya ndani ya chama, mwanachama mmoja akipokea kila zamu.

Wengi wetu tungeweka dau kwenye sanduku lisilo na ufunguo. Ndiyo falsafa ya kibubu tulichofundishwa utotoni: kikazwe misumari, kisifunguke mpaka kivunjwe, maana binadamu hajiamini na fedha yake. Matokeo yalikuwa kinyume. Sanduku lenye ufunguo liliongeza matumizi ya watu katika kinga ya afya kwa asilimia 66. Sanduku lililofungwa moja kwa moja halikuleta badiliko la maana. Mfuko wa chama ulifanya vizuri kuliko yote mawili, ukazidisha matumizi hayo zaidi ya mara dufu.

Nimeyarudia matokeo haya mara nyingi na kila mara yananigusa. Mtu mwenye kipato kidogo anajua kwamba wakati wowote mtoto anaweza kuugua usiku. Ukimwambia aweke fedha mahali asipoweza kuifikia, anaweka kidogo au haweki kabisa, na ana akili timamu kufanya hivyo. Ukimpa ufunguo, anaweka, na mara nyingi halifungui sanduku, kwa sababu fedha ile imeshapata jina na makazi. Pia amepata jibu la kumpa anayeomba: hii ni ya chandarua. Kabla ya hapo fedha iliyokuwa mfukoni au chini ya godoro ilikuwa ya kila aliyetangulia kuomba, na katika ukoo wa Kiafrika kusema hapana bila sababu ni kazi nzito.

Kwa maneno mengine, watu wale walikosa sanduku, hawakukosa utashi. Hatuna budi kulitamka hilo waziwazi mbele ya kila anayesimama jukwaani kuwasimanga maskini kwa kukosa nidhamu.

Na mfuko wa chama ulishinda kwa nini? Pale kuna watu wanaokusubiri. Usipoleta mchango, mama fulani hatapokea zamu yake, na Jumapili mtaonana. Tena anayepokea mapema anapata kitu chake kabla hajamaliza kuchanga, hivyo chama kinamkopesha bila makaratasi. Bibi zetu waliocheza upatu walikuwa na ujuzi wa malengo ambao vitabu vya mafanikio vinavyouzwa vituo vya mabasi bado havijaufikia.

Tuchukue mfano wa mama lishe anayetaka jokofu la shilingi 600,000. «Mwaka huu nitanunua jokofu» ni tamanio. Akigawa kwa siku 300 za kazi, anapata shilingi 2,000 kwa siku. Hapo ana kiasi na ana hatua ya karibu. Akisema «nikishafunga hesabu ya jioni, kabla sijatoka kibandani, 2,000 inaingia sandukuni», amepata wakati na mahali. Akiandika jina la jokofu juu ya sanduku na kumwomba mwenzake wa kikoba alihesabu naye kila mwisho wa mwezi, amepata macho mengine. Ufunguo abaki nao. Akilifungua sanduku siku mtoto ameugua, lengo halijafa. Kesho yake jioni 2,000 inaingia tena. Nasisitiza hili kwa kuwa wengi huliacha lengo zima siku ya kwanza wanapolikosa, kana kwamba siku moja imefuta nyingine zote.

Limebaki swali gumu zaidi, ambalo leo nafasi haitoshi kulijibu. Mwaka 2012 Kipchoge huyohuyo, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 na mwenye medali mbili za Olimpiki katika mbio hizo, alikosa nafasi katika timu ya Kenya iliyokwenda London. Alikuwa ametumia takribani miaka kumi akilenga uwanja. Aprili 2013 alijitokeza Hamburg, akakimbia marathoni yake ya kwanza na kuishinda. Je, aliliacha lengo, au alilihamishia barabarani? Na mtu wa kawaida ajuaje kwamba umefika wakati wa kuliachia lengo alilolibeba kwa miaka? Mtafiti Carsten Wrosch wa Kanada amelichunguza swali hilo kwa muda mrefu, na matokeo yake yatawashangaza waliozoea kuambiwa wasikate tamaa kamwe. Tutaanzia hapo wiki ijayo.

Itaendelea.