Kuvuja au Kuchepuka?

Watafsiri wa maandishi ya kompyuta wamezoea kuandika kwamba VPN "inavuja". Neno hilo ni jepesi na limekwisha kuenea, lakini kwa maoni yetu linampotosha msomaji. Ili sababu zetu zieleweke, yafaa kwanza tueleze jinsi mtumiaji wa torenti anavyotambuliwa.

Mfumo wa BitTorrent, uliobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, hautegemei ghala moja la kuhifadhia faili. Faili hukatwa vipande, na kila kompyuta inayopokea vipande huzigawia nyingine. Jamii hiyo ya kompyuta tunapendekeza iitwe bumba, kama lile la nyuki. Ili vipande vipatikane, hapana budi walio katika bumba wajuane kwa anwani zao za IP. Basi mpelelezi hana haja ya kuvunja mlango. Hujiunga na bumba kama mshiriki mwingine yeyote, akaandika anwani anazoziona, saa, na alama ya faili linalogawanywa. Nchini Marekani mwenye hakimiliki huweza kuipelekea taarifa kampuni ya intaneti yenye anwani hiyo, nayo hutazama katika kumbukumbu zake ni mteja gani aliyekuwa akiitumia saa ile. (Kama faili lenyewe ni halali au sivyo, hilo ni suala la wanasheria.)

VPN huisitiri anwani hiyo. Mawasiliano hufichwa kwa msimbo na kupitishwa katika handaki hadi kwenye seva ya mbali, na bumba huona anwani ya seva hiyo tu.

Sasa tuutazame mtungi unaovuja: una ufa, na maji yaliyokuwa ndani hutoka nje. Handaki la VPN huweza kuwa zima kabisa, na bado anwani ikaonekana, kwa kuwa baadhi ya mawasiliano hayakuingia handakini hata kidogo. Mathalani, handaki hupokea anwani za IPv4 peke yake, na zile za IPv6 zikashika njia ya kawaida. Au maulizo ya majina ya tovuti yakaenda kwa kampuni ya intaneti kama siku zote. Au handaki likakatika kwa dakika moja, na programu ya torenti ikaendelea na kazi bila kumwarifu mwenyewe.

Msomaji aliyeambiwa "kuvuja" atatafuta msimbo wenye nguvu zaidi, na hautamsaidia. Dawa ni kuziba njia nyingine: programu ya torenti iamriwe kutumia kiolesura cha VPN peke yake, IPv6 ipitishwe handakini au izimwe, maulizo ya majina yapite humo humo, na kiwepo kikatizi, yaani chombo cha kusimamisha mawasiliano yote handaki linapokatika.

Kwa hiyo tunapendekeza kitenzi kuchepuka na nomino uchepukaji. Mchepuko tumeliacha kwa makusudi, maana mitaani limekwisha kupewa kazi nyingine, na mwalimu atakayelitamka darasani hatapata utulivu.